Muti ao Libwe? Kutafutia Jina Mwani Unaojenga Jiwe Chini ya Barafu

Mdogo wangu anasoma sekondari mjini Kamina, tawi la biolojia na kemia. Jioni moja ya mvua alikuwa mezani akikariri daftari lake kwa sauti, kwa Kifaransa, kama tunavyokariri wote tangu shule ya msingi. Sentensi ilisema kwamba katika bahari za baridi kuna "algues" ambazo kuta za seli zao zimejaa kalisi. Aliisoma mara tatu bila kukosa neno. Kisha akafunga daftari na kuniuliza kwa Kiswahili cha nyumbani: "Yaya, hii kintu ni muti ao ni libwe?"

Kwa msomaji aliyekulia mbali na Katanga: "muti" ni mti, "ao" ni au, "libwe" ni jiwe. Mtoto alitaka kujua kama kitu alichokuwa akikikariri ni mmea au ni jiwe. Katika mara zile tatu alizosoma kwa Kifaransa hakuuliza lolote. Alipogeukia lugha anayoombea chumvi, swali likatoka lenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika. Kazi yangu ya kila siku ni ngeli, upatanisho na viambishi. Sikutegemea swali la ngeli linifikishe kwenye Bahari ya Aktiki, lakini ndiko lilikonipeleka, na ninaandika hapa nilichokikuta.

Kitu chenyewe kwanza. Kwenye miamba ya chini ya bahari, kuanzia pwani ya Labrador nchini Kanada hadi Greenland na visiwa vya Svalbard, kuna ganda la rangi ya waridi lililobandika jiwe kama rangi iliyomwagika ikakauka. Ukiligusa ni gumu. Ukiligonga kwa nyundo linavunjika kama kigae. Wataalamu wanaliita Clathromorphum compactum, nalo ni la ukoo wa mwani mwekundu. Linaishi mahali ambapo kwa miezi kadhaa ya mwaka jua halionekani na bahari imefunikwa na barafu. Linanenepa kwa chini ya nusu milimita kwa mwaka, na halina haraka. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Jochen Halfar wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha kumbukumbu ya miaka 646 waliyoisoma ndani ya mwani wa aina hiyo kutoka maji ya kaskazini ya Kanada. Hesabu hiyo inaturudisha karne ya 14. Wakati huo, kwetu Haut-Lomami, watu wa bonde la Upemba walikuwa wakizika wafu wao pamoja na misalaba midogo ya shaba. Tangu enzi ya makaburi hayo mpaka juzi, uhai mmoja umekuwa ukiongeza ganda lake, tabaka juu ya tabaka.

Sasa, muti ao libwe? Nilifurahi kukuta kwamba mdogo wangu hakuwa peke yake. Ulaya ilibishania swali hilo kwa miongo mingi. Mswidi Linnaeus, aliyeweka utaratibu wa kuvipa viumbe majina mawili ya Kilatini, katika toleo la 1758 la kitabu chake aliupanga mwani wa aina hii miongoni mwa wanyama, pamoja na matumbawe, kwa kuwa ulikuwa na ugumu wa matumbawe. Mfaransa Lamarck aliita baadhi yake Nullipora, yaani visivyo na vitundu, kwa sababu alitafuta vitundu vya wanyama wadogo wanaokaa ndani ya matumbawe asivione. Ni mwaka 1837 ambapo Mjerumani Philippi alichapisha hoja yake kwamba Nullipora ni mimea. Na alipotaka kuipa jina jipya, akafanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa mofolojia angelitambua: aliunganisha nomino mbili. Lithothamnion, kwa Kigiriki, ni kijiti cha jiwe. Lithophyllum ni jani la jiwe. Hakuchagua kati ya muti na libwe. Aliviweka vyote viwili katika neno moja, akaacha sarufi ya Kigiriki iamue kipi ni kichwa na kipi ni kivumishi. Kichwa kilikuwa mmea.

Miaka 46 baadaye Mswidi mwingine, Kjellman, aliyesafiri kwa meli Vega kupitia kaskazini ya Asia kati ya 1878 na 1880, alichapisha kitabu juu ya mwani wa Bahari ya Aktiki. Humo alimtambulisha Lithothamnion glaciale, kijiti cha jiwe cha barafu. Jina ni maneno mawili tu, lakini ndani yake kuna mmea, jiwe na baridi. Nilipoliona, nilijua kazi yangu: kutafuta jina la Kiswahili lenye uaminifu huohuo.

Lakini jina la uaminifu haliwezi kutungwa kwa kuangalia nje peke yake. Kwa nje hata Linnaeus alikwama. Ilinibidi niende ndani, kwenye kile kinachoonekana chini ya hadubini, na hapo neno la kwanza kunipa shida halikuwa geni. Lilikuwa "seli".

Kiswahili kina njia mbili za kulitaja jambo hili. Wapo wanaosema seli, neno la mkopo. Wapo wanaosema chembehai, neno la nyumbani. Moyo wangu wa mwanaisimu huegemea la nyumbani. Lakini chembe ni nini? Ni chembe ya mchanga, chembe ya mtama, chembe ya sukari: kitu kidogo kilichojaa, kisicho na chumba ndani. Mtu anayefikiri kwa chembehai akiambiwa kwamba mwani huu una seli zenye kuta za jiwe, ataona rundo la kokoto. Lakini chini ya hadubini hakuna kokoto. Kuna vyumba. Vimepangwa kwa safu zinazopanda kutoka mwambani kwenda juu, kila chumba juu ya kingine, kila kimoja na upana wa kama sehemu moja ya elfu ya sentimita. Jiwe liko kwenye kuta. Katikati ya chumba kuna uhai.

Mara ya kwanza nilifikiria ukuta wa matofali, maana Kamina ni mji wa matofali ya kuchoma. Kila mtaa una tanuri lake. Mfano huo una ubaya wake. Katika ukuta wa nyumba tofali ndilo gumu lililojaa, na udongo wa kuungia ni mwembamba katikati. Kwa mwani mambo yamegeuka: kile kinachofanana na udongo wa kuungia ndicho jiwe, na kile kinachofanana na tofali ndicho kilicho hai. Mfano ulionifaa ni sega la nyuki. Sega lina kuta nyembamba na vyumba vingi vyenye kitu cha thamani ndani. Ukilishika unashika nta, lakini nyuki hakulijenga kwa ajili ya nta. Ukimwambia mtu wa Kamina "sega la jiwe", nusu ya somo la biolojia umeshalifundisha.

Tuingie kwenye kuta hizo. Zimejengwa kwa kaboneti ya kalisi, yaani dutu ileile ya ganda la yai, katika umbo la fuwele linaloitwa kalsaiti. Kwa hadubini ya elektroni huonekana kwamba fuwele hazikumwagwa ovyo. Zile zilizo karibu na uhai wa seli zimesimama zikielekea katikati ya chumba, kama spoki za baiskeli zinavyoelekea kitovu cha gurudumu. Zile zilizo kwenye mpaka kati ya safu na safu zimelala. Hivyo ndani ya ukuta mwembamba kuliko unywele kuna mipango miwili ya ujenzi. Maji ya bahari yakigandisha chumvi juu ya jiwe hayafanyi mpango kama huo. Fuwele hizi zimejengwa ndani ya ukuta wa kiumbe, na ukuta huo ndio uliozipa mwelekeo.

Vyumba navyo haviko sawa mwaka mzima. Kiangazi, jua likiwapo, seli huwa kubwa na kuta zake nyembamba. Baridi ikikaribia, seli hupungua ukubwa na kuta zake hunenepa. Ukikata ganda, ukalisugua mpaka ling'ae, utaona mistari inayopishana kama ile ya gogo la mti lililokatwa kwa msumeno. Mwaka mmoja, jozi moja. Tena kuna barua nyingine ndani ya mistari. Katika kalsaiti hii baadhi ya nafasi za kalisi hukaliwa na magnesi, na kadiri maji yalivyokuwa na joto ndivyo magnesi inavyozidi. Barafu ikifunika bahari kwa muda mrefu, mwanga hupungua, na tabaka la mwaka huo huwa jembamba. Hivi ndivyo Halfar na wenzake walivyosoma kwamba barafu ya sehemu hizo imekuwa ikipungua tangu katikati ya karne ya 19. Mwani uliandika, wao wakasoma.

Jambo lililonigusa zaidi ni mahali ukuaji unapotokea. Ningedhani kwamba kitu chenye tabaka hukua kwa juu, kama rangi inavyopakwa juu ya rangi. Sivyo. Juu kabisa kuna ngozi, safu chache za seli ambazo hazina jiwe jingi. Chini ya ngozi hiyo ndipo penye seli zinazogawanyika: upande wa chini zinaongeza vyumba vya jiwe, upande wa juu zinaongeza ngozi. Konokono wa baharini na jamaa zao hupita wakikwangua ngozi hiyo na kuila, na mwani haudhuriki, kwa sababu chemchemi ya ukuaji imefichwa chini yake. Kwangua hizo hata zinausaidia, kwa kuuondolea viumbe wengine wanaotaka kuota juu yake na kuuzibia mwanga. Seli za safu jirani nazo hufunguliana milango: ukuta kati yake huyeyuka mahali fulani, na chakula kikapita kutoka chumba hadi chumba. Mwani huweka akiba ya wanga, kama sisi tunavyoweka muhogo mkavu, na akiba hiyo huupitisha katika miezi ya giza.

Nilipofika hapo nilikuwa na vielelezo vya kutosha kurudi kwenye swali la ngeli.

Katika Kiluba, lugha ya bibi zetu wengi hapa Kamina, mti ni mutyi, wingi mityi. Jiwe ni dibwe, wingi mabwe. Katika Kiswahili sanifu ni mti na miti, jiwe na mawe. Ngeli mbili tofauti katika lugha zote mbili. Wako waliojenga falsafa nzima juu ya mambo haya. Mmisionari Placide Tempels, aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945. Mnyarwanda Alexis Kagame, mwaka 1956, aligawa vyote vilivyopo katika makundi manne kwa kufuata mashina ya lugha: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Ukimpelekea Kagame mwani wetu, atajibu haraka: ni ikintu, kwa kuwa hauna akili. Lakini katika ikintu yake mmea umo, mnyama yumo na jiwe limo. Swali la mdogo wangu linaingia katika kundi hilo na kubaki likining'inia.

Nasi tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba ngeli si orodha ya asili ya vitu. Mkate uko pamoja na mti, na hakuna anayeupanda. Kiboko na kifaru wako pamoja na kisu. Hivyo ningeweza kusema kwamba ngeli haina habari na biolojia, nikafunga faili. Tatizo ni kwamba neno jipya haliwezi kukaa nje ya ngeli. Sentensi ya kwanza utakayoitamka itadai upatanisho: huu umekua, au hili limekua? Mtu akisikia "limekua" pamoja na jiwe, sikio lake litashtuka kabla hajajua kwa nini.

Hapa Kiswahili cha nyumbani kina hekima ambayo vitabu vingi huiita upungufu. Katika usemi wa Katanga upatanisho umepunguzwa sana, na "hii" inabeba karibu kila kisicho mtu: hii muti, hii libwe, hii kintu. Tumezoea kusikia kwamba hiyo ni kasoro ya kusahihishwa. Lakini angalia ilichomfanyia mtoto yule. "Hii" ilimruhusu akinyooshee kidole kitu bila kukihukumu mapema. Alikiweka mezani uchi, kisha akauliza ni nini. Wataalamu wa Ulaya walihitaji muda mrefu kufika kwenye "hii" hiyo.

Nikaona kwamba kipimo changu kisiwe ngeli, kiwe vitenzi. Je, kitu hiki kinakubali vitenzi gani? Kinavunjika, kinasagika, kinayeyuka katika asidi: hivyo ni vitenzi vya jiwe. Kinazaa, kinakula mwanga, kinaweka akiba, kinapona jeraha: hivyo ni vitenzi vya mmea. Vikigongana, ni kitenzi kipi kinachoamua? Mimi nilichagua kimoja: kukua. Jiwe linaloning'inia kutoka dari ya pango nalo hunenepa mwaka hadi mwaka, lakini Kiswahili kinasema limeongezeka, kwa kuwa chokaa hulijia kutoka nje, tone kwa tone. Mwani wetu unakua kutoka ndani, kutoka safu ile iliyofichwa chini ya ngozi. Tofauti ya kukua na kuongezeka tunayo tayari katika lugha. Tunaitumia kwa mtoto na kwa deni bila kuchanganya. Hadubini imetuonyesha tu upande ambao mwani huu umesimama.

Majina yakabaki matatu mezani. La kwanza, "mwani wa chokaa". Ni zuri na jepesi, lakini chokaa kwa wasemaji wa pwani ni kilichokwisha kuchomwa tanurini, cheupe, cha kupaka kuta; kinanukia moto na kifo cha tumbawe. La pili, "jiwe-mwani". Hapo kichwa ni jiwe, na tutalazimika kusema limekua. La tatu, "mwani-jiwe". Kiswahili huweka kichwa mbele: mbwamwitu ni mbwa kwanza, batamzinga ni bata kwanza. Hivyo mwani-jiwe ni mwani kwanza, ulio jiwe; nao unakua, unazaa, unavunjika. Philippi aliweka jiwe mbele kwa kuwa Kigiriki huweka kichwa nyuma. Sisi tunageuza mpangilio, maana inabaki ileile. Hilo la tatu ndilo ninalolitetea.

Mwalimu mmoja niliyemsomea rasimu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, Kamina haina bahari wala barafu. Neno hilo atalitumia nani?" Ni swali la haki. Neno mwani lenyewe ni la pwani. Kwetu watu husema majani ya mu mayi. Kwenye ziwa Kisale tuna visiwa vya mafunjo vinavyoelea, navyo vina majina ya kutosha. Kwa nini tuazime bahari?

Jibu langu la kwanza liko chini ya miguu yetu. Wanajiolojia huitaja miamba ya kale ya upande wetu kwa kuorodhesha mito: bonde la Sankuru, Mbuji-Mayi, Lomami na Lovoi. Lomami inaanzia karibu na Kamina. Katika miamba hiyo, yenye umri wa kama miaka bilioni moja, kuna stromatoliti, yaani mawe ya tabaka yaliyojengwa na vijidudu ndani ya maji ya bahari ya kina kifupi. Kolwezi nako, katika miamba yenye shaba, kuna tabaka ambalo wachimbaji wanaliita kwa herufi RSC. Nalo ni mwamba wa stromatoliti. Herufi hizo ni kifupi cha Kifaransa kinachosema mawe ya silika "ya seli", na seli hapo ni mashimo tu yaliyoachwa na madini yaliyoyeyuka, hayahusiani na seli za kiumbe. Neno moja, mitego miwili. Babu zetu walioshuka migodini walibeba jina hilo vinywani na jiwe hilo mabegani, bila mtu kuwaambia kwa lugha yao kwamba uhai ndio ulioliweka tabaka kwa tabaka.

Stromatoliti si mwani-jiwe, na tofauti yao huonekana vizuri ukitazama ndani. Waliozijenga ni sianobakteria, ambao zamani waliitwa mwani wa buluu na kijani mpaka wataalamu wakawaondoa katika ukoo wa mwani. Sayansi nayo hubadilisha ngeli zake. Vijidudu hao walitandika utando juu ya tope, tope likanasa, chokaa ikaganda, wakapanda juu na kutandika mwingine. Ukilikata jiwe lao utaona mikeka iliyorundikwa, hakuna vyumba. Mwani-jiwe ni sega. Stromatoliti ni mikeka. Mtu akiwa na maneno hayo mawili anaweza kusimama mbele ya kipande cha jiwe na kuuliza swali la maana.

Hata barafu tunayo. Juu ya miamba hiyo ya shaba kuna tabaka ambalo wanajiolojia wameliita Grand Conglomérat, na juu zaidi lingine, Petit Conglomérat. Ni mchanganyiko wa mawe makubwa na madogo ulioletwa na barafu, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, wakati ambapo barafu ilifunika sehemu kubwa ya dunia. Juu ya lile la kwanza kuna mawe ya chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, ambayo yamechimbwa kwa kazi ya chokaa na saruji. Abiria wa treni anayetoka Kamina kwenda Lubumbashi anapita juu ya masimulizi ya bahari na barafu. Hivyo hatuazimi bahari ya mtu. Tunarudisha maneno ya bahari mahali ambapo bahari ilikuwa.

Jibu la pili ni la sasa, na ndilo linalonisumbua usiku. Soda baridi huhifadhi gesi kuliko soda iliyokaa juani. Kila muuza soda wa stesheni analijua hilo. Bahari ya baridi nayo ndivyo ilivyo: hunywa gesi ya ukaa nyingi zaidi kutoka hewani, na gesi hiyo huyafanya maji yaelekee uasidi. Na kati ya aina za kalsaiti, ile yenye magnesi nyingi ndiyo iliyo nyepesi kuyeyuka. Mwani-jiwe wa kaskazini umejenga nyumba yake kwa kilicho rahisi kuyeyuka, mahali ambapo maji yanabadilika mapema. Nilimwonyesha mdogo wangu jambo hili jikoni. Tulisaga ganda la yai, tukakamulia ndimu: povu likapanda. Tukafanya vivyo hivyo kwa kipande cha pemba, udongo mweupe unaouzwa sokoni: kimya. Vyote viwili ni vyeupe, lakini kimoja ni kaboneti na kingine ni udongo. Majaribio hayo hayakugharimu chochote. Yalihitaji tu maneno ya kuyasemea.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha mojawapo kati ya nne za taifa. Darasani, mtoto wa Kamina hupewa majibu kwa Kifaransa, na maswali yake yamebaki nyumbani kwa Kiswahili. Lugha ya kujibia na lugha ya kuulizia zikitengana hivyo, mtoto atakariri vizuri na hatauliza kamwe mbele ya mwalimu. Sidai Kifaransa kiondoke. Mimi mwenyewe nimesoma habari za Kjellman na Philippi kupitia lugha za wengine. Ninachodai ni kidogo: swali likitoka kwa Kiswahili, likute maneno ya Kiswahili yanalisubiri.

Katika faharasa ninayoiandaa kwa walimu wa sekondari wa Haut-Lomami, kidahizo hicho kinasomeka hivi kwa sasa: "Mwani-jiwe (huu, hii): mwani mwekundu wa baharini ambao kuta za seli zake zimejaa kalsaiti. Ndani yake umepangwa kama sega: vyumba hai, kuta za jiwe. Hukua kutoka safu iliyo chini ya ngozi yake. Ule wa bahari za barafu huongeza tabaka moja kila mwaka, na kwa kuhesabu tabaka hizo hujulikana umri wake na hali ya bahari ilivyokuwa." Neno "ngozi" bado halijaniridhisha, kwa sababu ngozi ni ya mnyama, na Linnaeus angelifurahia. Nimejaribu "ganda", lakini ganda ni gumu na hili ni laini. Nimejaribu "utando", lakini utando nimekwisha kuwapa sianobakteria. Mwenye neno bora alilete, nitaliandika mahali pake.